Mume Wangu Hakuingia Kwenye Risala

Kabla ya kwenda chuo nilijua kuandika kitu kimoja tu, nacho ni risala. Mtaani kwetu Temeke, mgeni wa serikali akija kufungua kisima au kuangalia shamba la ushirika, aliyetumwa kuandika risala alikuwa mimi. Niliishia darasa la nane, lakini mwandiko wangu ulikuwa mzuri, na nilijua mahali pa kuweka "Ndugu Mgeni Rasmi", mahali pa kuweka "furaha isiyo na kifani", na mahali pa kuweka matatizo, ambayo huwekwa karibu na mwisho na kwa uchache, ili mgeni asinune kabla ya kula.

Kwa hiyo wilayani walipotaka mtu mmoja anayefundisha kisomo cha watu wazima aende akasomee uandishi, katibu wa tawi hakuhangaika kutafuta. Alikuja nyumbani akasimama mlangoni bila kuingia, maana nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka eda.

"Dada, pole tena na msiba. Nimekuandikisha chuo."

"Chuo gani?"

"Cha uandishi. Mtaandika vitabu vidogo vya hawa wanaotoka kisomo, maana wakishajua kusoma hawana cha kusoma. Wewe si mwandishi?"

Mama mkwe wangu, ambaye alikuja kutoka Tunduru kwa ajili ya mazishi na akabaki kukaa nami, aliuliza kutoka ndani: "Huko chuo kuna kulala?"

"Hakuna, mama. Alasiri tu, hapo Chang'ombe. Jua likizama yuko nyumbani."

"Basi aende," akasema. "Humu ndani anahesabu mabati."

Ni kweli nilikuwa nahesabu mabati. Mume wangu alikuwa fundi seremala Keko. Homa ilimchukua wakati wa masika, haraka mno, hata kitanda cha mteja alichokuwa akikitengeneza kilibaki hakina miguu. Sikulia kwa sauti msibani na sikulia kwa sauti katika eda. Watu wengine msiba huwatoka kwa mdomo. Wangu ulikaa ndani ukawa kama mgeni asiyesema anaondoka lini. Sina la kuongeza hapo.

Ila kuna jambo moja la siku ya mazishi lazima nilieleze, kwa sababu chuo chote kilikuja kusimama juu yake. Sie ni Wayao, na watani wetu ni Wangoni. Asiyejua utani wa makabila wa siku zile nimwambie: mtani ndiye mtu pekee aliyeruhusiwa kufanya fujo msibani. Anaweza kuzuia jeneza lisitoke mpaka apewe kuku. Anaweza kuingia kaburini akalala, akasema pamemfaa. Na anaweza kumwigiza marehemu mbele ya mama yake, na hakuna wa kumkasirikia.

Mtani wetu alikuwa fundi wa kibanda kimoja na mume wangu. Siku ile, uani kumejaa watu wanaonong'ona, alitokea amevaa aproni ya marehemu, penseli nyuma ya sikio. Akachukua kamba akampima shehe mabega. Shehe akarudi nyuma. Mtani akamfuata na kamba ile ile, akapima upya, akafumba jicho moja. "Kitanda chako, mzee?" akasema, macho juu kwenye paa. "Kesho kutwa, inshallah." Uani wakaangua kicheko. Kisha akausogelea mtungi wa maji, akauinamia kama mtu anayeteta: "Mtungi wee, mwambie mwenzako mchuzi wa leo umezidi chumvi." Maana mume wangu akinuna hakusema na mimi, alisema na mtungi, na mtaa mzima ulilijua hilo. Mie nilikuwa chumbani nimezungukwa na wanawake, nachungulia kwa upenyo wa dirisha. Nilimsikia yule Mngoni kwa sauti ya mume wangu, nikauma pindo la khanga, nikacheka mpaka machozi yakatoka, na yakishatoka hayakujua tena kama ni ya kucheka.

Nilikwenda chuo nikiwa na daftari jipya na kalamu mbili. Darasani tulikuwa watu wazima watupu: walimu wa kisomo, bwana shamba mmoja, muuguzi, na karani wa bandarini aliyekaa nyuma yangu na asiyeweza kunyamaza. Mwalimu aliingia. Alikuwa mama wa Kihindi, gauni refu, mtandio kichwani, miwani imening'inia kwa kamba.

Karani akaninong'oneza: "Leo tutafundishwa Kiswahili cha dukani."

Mwalimu alikuwa na masikio. "Cha dukani ndicho kizuri, ndugu yangu," akasema. "Mimi nimezaliwa Lindi, baba yangu aliuza vitambaa. Dukani mtu akisema neno silo, anaondoka na khanga isiyo yake."

Darasa likamzomea karani, na tangu hapo mwalimu akawa wetu.

Zoezi la kwanza alilitoa siku hiyo hiyo. "Andikeni habari za mtu mmoja mnayemjua. Awe hai, awe amefariki, lakini awe mmoja."

Nilijua nitamwandika nani. Nilikaa na karatasi ile Jumamosi nzima na Jumapili nzima, nikaandika kwa wino, nikanakili upya ili isiwe na doa. Siku ya darasa nikasimama kusoma, sauti yangu ya jukwaani nikaitoa yote:

"Awali ya yote napenda kuchukua nafasi hii adhimu kumshukuru Mwenyezi Mungu. Marehemu mume wangu alikuwa mtu mwema, mchapakazi hodari, mpenda maendeleo, aliyeshirikiana vyema na wenzake katika shida na raha. Pamoja na mafanikio hayo, marehemu alikabiliwa na matatizo yafuatayo."

Nikasikia kitu kama mtu anakohoa. Alikuwa karani. Hakujizuia tena: "Tunaiomba serikali itusaidie mabati!"

Darasa zima likaanguka. Bwana shamba akalaza kichwa mezani. Hata muuguzi, mama mtu mzima aliyenihurumia, nilimwona mabega yanamtetemeka. Nikabaki nimesimama na karatasi yangu isiyo na doa. Kuanzia saa ile nikaitwa Mama Risala, na mpaka kozi inakwisha hakuna aliyeniita vingine.

Mwalimu hakucheka. Alichukua chaki akaandika ubaoni: Alikuwa mchapakazi hodari. Akamgeukia karani.

"Mvikeni huyu sentensi hii. Inamtosha?"

"Inanitosha sana, mwalimu."

"Bwana shamba?"

"Inanikaa vizuri tu."

"Mimi je? Inanitosha na mimi. Basi hii si nguo ya mume wa mama huyu. Hii ni shuka. Yeyote akijifunika inamtosha." Akanitazama juu ya miwani. "Kila sentensi utakayoandika, mvike kwanza mtu mwingine. Ikimtosha, itupe. Yako ni ile inayomkataa kila mtu isipokuwa yeye."

Tukaipima risala yangu yote, sentensi moja baada ya nyingine, darasa zima likishiriki kwa makelele kama mnadani. Mtu mwema: shuka. Mpenda maendeleo: shuka. Kutoka ukurasa mzima kikasalia kipande kimoja, "alikuwa fundi seremala Keko."

"Hata hicho," akasema karani, "Keko mafundi ni wengi kuliko kunguru."

Tukakifuta na hicho. Ubao ukabaki mtupu.

Ningestahili kutoka pale nimeinama kwa aibu. Lakini nasema kweli, nilitoka natetemeka kwa furaha. Sijui nieleze vipi. Miaka yote nilikuwa natembea na macho yangu mawili na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba yana kazi. Njiani kutoka Chang'ombe nilimvika kila mtu sentensi. Pale kona palikuwa na mama anayeuza mihogo ya kuchoma. Nikasema moyoni: mama mnene anayeuza mihogo. Shuka. Nikasimama nikamtazama vizuri. Alikuwa amewageuzia wateja mgongo, akiwapa mihogo kwa mkono wa nyuma bila kuwaangalia, kana kwamba wamegombana. Nikasema: mama anayeuza mihogo huku amewanunia wateja. Nikamtafuta mtu mwingine wa kumvika hiyo njia nzima mpaka Temeke, nikamkosa. Nikaingia nyumbani mbio, sikuvua hata viatu, nikaiandika.

"Kuna nini?" mama mkwe akauliza.

"Mama, nimempata muuza mihogo!"

"Alikuwa amepotea?"

Ikawa hivyo wiki baada ya wiki. Ugali uliungua. Mchicha ulikauka jikoni. Mama mkwe akauliza kwa upole kama chuo hicho kinafundisha kuunguza, kwa sababu kama ndivyo nimeshafaulu. Nilikuwa naamka nikiwa na sentensi mdomoni. Nilikuwa nikienda bombani kuteka maji nawasikiliza wanawake wakigombana zamu, na badala ya kuamua ugomvi nilikuwa nayashika maneno yao kwa mikono yote. Mjane hatakiwi kuonekana na furaha ya namna hiyo, nalijua hilo, na kuna siku niliona haya nikajilazimisha kutembea polepole.

Kisha niliijaribu kazi yangu kwa watu wenyewe. Darasa langu la kisomo lilikuwa kwenye banda la tawi, wanawake wengi na wanaume wachache, na tulikuwa tumechoshwa na kitabu cha pamba na mbolea. Siku moja nikaandika ubaoni habari ya balozi wetu wa nyumba kumi, bila kumtaja. Nikaandika kwamba akija kukupa taarifa, hukohoa mara tatu nje, hata kama umeshamwona na umeshamkaribisha. Nikamsimamisha bibi mmoja, mwanafunzi wangu mkubwa kuliko wote, asome. Akaanza, kidole hewani: "A-ki-ja... ku-ku-pa... ta-a-ri-fa... hu-ko... hu-ko-ho-a..."

Akasimama. Akarudi kulitazama lile neno. Halafu akaanza kucheka, peke yake, kabla hajafika mwisho wa sentensi, na wenzake wasiojua kusoma kwa kasi yake wakawa wanamvuta khanga: "Imesemaje? Imesemaje?" Naye anawasukuma: "Someni wenyewe!"

Risala zangu zilipigiwa makofi na watu mia, lakini makofi yale walimpigia mgeni. Bibi yule alicheka kwa sababu ya alama za chaki, bila sauti yangu kumsaidia.

Ila mume wangu alikataa kuja. Balozi alikuja, muuza mihogo alikuja, hata mbuzi wa jirani alikuja, lakini nikimwandika yeye mkono ulirudi kwenye shuka. Mpole. Mwema. Mwenye upendo. Nilikuwa naogopa. Kozi ilikuwa inakaribia kwisha, na mwalimu alisema maandishi machache yatachaguliwa yachapwe kitabu kitakachosomwa kwenye madarasa ya kisomo. Sikutaka tu kitabu. Nilikuwa nimeanza kuisahau sauti yake. Asubuhi nyingine niliitafuta sikuipata mara moja, ilibidi niikumbuke kwanza ile ya mtani ndiyo yake ifuate.

Na hapo ndipo nilipoona. Nilikuwa nimekaa kizingitini Jumapili asubuhi, nikajiuliza mbona yule Mngoni alimpata kwa nusu saa na mimi mkewe nashindwa. Nikayapitia aliyoyafanya. Hakusema mahali popote kwamba marehemu alikuwa mwema. Hakusema alikuwa nini. Alichukua kamba, akapima mara ya pili, akaangalia paa. Basi.

Nikaandika: "Mteja akiuliza kitanda chake, mume wangu aliangalia paa, kana kwamba siku zimening'inia huko, akasema kesho kutwa, inshallah." Nikamvika karani. Ikamkataa. Nikamvika mtani mwenyewe. Ikamkataa. Nikaendelea bila kuinua kichwa. Nikaandika jinsi alivyopuliza chai hata ikiwa imepoa. Nikaandika mtungi. Nikaandika kwamba hakuweza kuupita ubao uliolala njiani bila kuugeuza kwa mguu aone upande wa pili, hata tukiwa tunakwenda kuzika.

Na mkono ukiwa umeshapata moto, ukaandika na lile ambalo mtani hakuliigiza.

Mume wangu hakujua kusoma. Namba za futi alizijua, herufi hapana. Mimi nilikuwa nafundisha mtaa mzima, na nilipomwambia aje darasani alisema mume hafundishwi na mkewe mbele ya watu. Lakini siku za kisomo alianza kuja bandani na randa yake, akasema lile benchi la nyuma ni bovu. Akawa analitengeneza pale pale, kimya, wakati mimi nafundisha. Benchi hilo alilitengeneza mwaka mzima. Maranda yalikuwa yanadondoka membamba, polepole, maana alikuwa anasikiliza. Nililijua hilo, na sikumwambia kuwa nalijua. Nilichofanya ni kupandisha sauti kidogo na kuandika ubaoni kwa herufi kubwa. Alfajiri moja nikamsikia bafuni anajimwagia maji huku anaimba kichinichini: ba, be, bi, bo, bu. Masika yalipofika alikuwa amefika kwenye maneno mafupi. Hapo ndipo homa ilipomkuta.

Niliisoma darasani. Nilipomaliza hakuna aliyetia neno, nikadhani nimeharibu tena.

"Mama Risala," karani akasema, na hakuwa anatania. "Huyu bwana namjua."

"Humjui. Hamkuonana."

"Sasa namjua."

Mwalimu aliniita pembeni. Alikuwa ameshika karatasi zangu kwa mikono miwili. "Nitaipeleka ichapwe. Nataka iwe ya kwanza kitabuni. Lakini kwenu wameisikia?"

"Bado."

"Mama yake yupo?"

"Yupo. Ninakaa naye."

"Basi asikie kwanza. Ikishachapwa, mimi siwezi kukusaidia kuirudisha."

"Akikataa?"

"Akikataa, haitoki. Ni mwanawe."

Sikulala vizuri wiki ile. Hatimaye Jumapili, mama mkwe akiwa uani na ungo wa mchele, nikamwambia nimeandika habari za mwanawe na watu wa chuo wanataka kuzichapa. Akaendelea kutoa mawe katika mchele.

"Umeandika vizuri vyake?"

"Nimeandika alivyokuwa, mama."

Hapo akainua macho. "Kumsema marehemu kuna wenyewe. Mwite yule mtumwa wetu aje asikie."

Mtumwa wetu ni mtani. Ndivyo watani walivyoitana, na yeye alituita vivyo hivyo. Alifika na vumbi la mbao kwenye nyusi.

"Hodi! Nimeambiwa leo Myao anasoma, nimekuja kuona maajabu. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa chini."

"Nikae wapi? Nyumba ya seremala haina kiti cha kumfaa bwana wake!"

"Kaa chini, Mngoni, uchafu wako utaniingia kwenye mchele."

Akakaa kwenye kinu kilichopinduliwa. Nikaanza kusoma. Sauti ya jukwaani nilikuwa nimeshaitupa, nilisoma kama ninavyosema. Kwenye paa na kesho kutwa mtani akapiga goti lake kwa kofi. Kwenye chai mama mkwe akaguna, "Ndiyo, tangu mdogo." Kwenye mtungi mtani akasimama kabisa.

"Mama! Huyu mjane ameniibia kazi! Hii ni kazi yangu, niliifanya siku ya mazishi na wote mlikuwepo. Faini. Jogoo mmoja, na asiwe wa kizee."

Mama mkwe alikuwa anacheka kwa tumbo, bila sauti, ungo unacheza magotini. Sikuwa nimemwona akicheka tangu aje. Laiti ningeishia hapo. Lakini karatasi ilikuwa bado, nikasoma benchi.

Mtani akakaa. Mama mkwe akaacha kuchambua. Nikafika kwenye ba, be, bi, bo, bu, nikafika mwisho.

"Hilo," akasema mtani, akiangalia mikono yake, "mie sikuliigiza."

"Ulikuwa unalijua?" mama mkwe akamuuliza.

"Nililijua, mama. Mimi ndiye niliyekuwa namsomea majina ya wateja."

"Mbona hukuliigiza?"

"Ah, mama. Utani nao una mpaka."

Mama mkwe akanigeukia. "Umesikia. Mngoni huyu, aliyelala kwenye kaburi la mwanangu akidai kuku, hilo ameliogopa. Wewe unataka kulipeleka likapigwe chapa."

Nilikuwa tayari kulitoa, kwa kuwa mwalimu alikwisha sema mama akikataa haitoki. Lakini niliona wazi kwamba nikiliondoa benchi, atakayebaki kwenye karatasi ni fundi wa kuchekesha tu, na huyo hakuwa mume wangu.

"Mama," nikasema, "kitabu hiki hawatakisoma wasomi. Watakisoma wale ninaowafundisha. Kila mmoja wao mwaka jana alikuwa kama yeye. Yule bibi wa darasani kwangu alikaa nje ya banda wiki mbili akijifanya anauza karanga, kabla hajathubutu kuingia. Nataka asome kwamba kulikuwa na mtu mwingine."

"Na watasema mama yake hakumpeleka shule."

"Wewe hutajwi, mama. Jina la mtu halimo."

"Kila mtu ana mama, mwanangu. Wakisoma kwamba hakujua kusoma watauliza, mama yake alikuwa wapi?" Akachukua jiwe dogo kwenye mchele, akalitupa mbali kuliko ilivyohitajika. "Na wewe hukuuliza. Umeandika paa, umeandika mtungi, umeandika mpaka bafuni. Mimi niko hapa kila siku, unaniunguzia ugali, hujaniuliza nilikuwa wapi."

Mtani aliangalia chini. Mimi uso uliniwaka, kwa sababu ilikuwa kweli. Nilikuwa nimewatazama watu wote njiani, na huyu aliyekaa mbele yangu nilimpita.

"Ulikuwa wapi, mama?"

Alipepeta mara moja, akapuliza makapi.

"Nilikuwa shambani kwa mpunga, naye yuko juu ya dungu anafukuza ndege. Baba yake alikwenda kwenye mkonge, Tanga huko, akasema anarudi kabla ya mavuno. Hakurudi mwaka ule. Mimi nina mtoto mgongoni, shamba ndilo hilo moja, na ndege wanashuka kama mvua. Shule ikafunguliwa. Ningemtoa dunguni tukale nini?"

"Na mwaka uliofuata?"

"Mwaka uliofuata miguu yake imekuwa mirefu, akasema hakai na watoto. Kiburi hicho unakijua, umeishi nacho." Akatabasamu kidogo, bila kututazama. "Dungu lilikuwa karibu na njia. Wenzake wakipita kwenda shule asubuhi walikuwa wanamwimbia zile herufi zao ili kumchoma. Naye anawarushia udongo kwa kombeo."

Nilikuwa nimeshasimama. Nakumbuka nilimruka mtani kuingia ndani, nikaangusha sufuria, nikarudi na kalamu na karatasi, nikakaa chini miguuni pake.

"Sema tena, mama. Hapo pa kumwimbia herufi. Polepole."

"Yote unataka kuyaandika?"

"Yote. Ukitaka nilitoe benchi, nalitoa. Lakini niandike hili kwanza."

Alinitazama kwa muda, halafu akaitazama kalamu, halafu akasogeza ungo pembeni na kujifunga khanga vizuri kama mtu anayejiandaa kupigwa picha.

"Benchi liache," akasema. "Ila na dungu litangulie, ili wajue alianza kuzisikia wapi. Na uandike kwamba alikuwa na shabaha. Hakukosa hata mmoja."

"Na faini yangu?" mtani akauliza kutoka kwenye kinu.

"Nyamaza, mtumwa," mama mkwe akamwambia. "Huoni tunaandika?"